Taa Mbili za Meli ya Eldoret

Kwa miaka kumi na minane nilihudumia meli ya kivita ambayo haikuwahi kuguswa na maji mengine ila ya mvua. Iko Eldoret, katika uwanja wa maonyesho, nyuma ya banda la ng'ombe wa maziwa. Ninyi mlioachiwa funguo zake mwezi uliopita mmeniomba niandike jinsi inavyotunzwa, nami nimekubali. Nitaandika mambo ya mikono na vifaa. Vyeo nitaviruka, kwa sababu katika karakana yetu vilikuwa vichache na havikushika nyundo.

Niliajiriwa kama fundi wa milango. Siku ya kwanza karani alisoma jina langu, Ouma, akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe ni mtu wa ziwa," akasema. "Basi utaenda kwa meli."

Nilimweleza kwamba tuliondoka ziwani nikiwa na miaka minne, kwamba nimekulia mtaa wa Pioneer, na kwamba chombo kikubwa kuliko vyote nilichowahi kupanda ni lori la miwa. Alisikiliza kwa makini, kisha akaandika kwenye fomu: "Ana uzoefu wa majini."

Meli yenyewe haikuwepo bado. Wakati huo wanamaji walikuwa wakipanda huku bara kila mwaka kuwaonyesha vijana kazi yao na kuandikisha makuruta. Mji wenye ziwa unaweza kutembelewa na chombo cha kweli. Kinatia nanga, watu wanapanga foleni, wanapanda, wanashika usukani, wanarudi nyumbani na hadithi. Sisi tuna Mto Sosiani, ambao wakati wa kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Ofisi yetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado inanitumia kadi za Krismasi, iliona aibu kupitwa. Ikaamua kwamba kama meli haiwezi kuja Eldoret, basi itazaliwa Eldoret.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mwembamba, asiyeamini kipimo chochote ambacho hakukichukua mwenyewe. Tulianza na trela la mahindi lililovunjika ekseli. Juu yake tuliunga fremu ya vyuma, tukaivika plaiwudi, tukapaka rangi ya kijivu iliyobaki kutoka paa la shule moja. Mzinga ulikuwa bomba la maji taka la inchi sita. Bomba la moshi lilikuwa pipa la lami. Mawimbi yalikuwa turubai la buluu, na ng'ombe wa banda la jirani waliyalamba hadi yakapauka, kwa hiyo turubai libadilisheni kila baada ya miaka miwili na mfunge lango.

Andikeni pia jambo hili: adui mkuu wa meli yetu si nyambizi, ni mchwa. Kagueni sakafu kwa bisibisi kila mwezi. Mbao ikimeza bisibisi, itoeni kabla mgeni hajatumbukia.

Mzee Wafula alinifunza mengi, lakini la kwanza lilihusu milango. Fundi anayeagizwa kitasa cha kulia lazima ajue ni kulia kwa nani. Kwake jibu lilikuwa moja. "Mlango husomwa na anayekuja," alisema. "Aliye ndani ameshaingia. Hana shida tena." Nilitengeneza milango mingi kwa kanuni hiyo na hakuna hata mmoja uliofunguka kinyume.

Wiki ya kufunga taa, Mzee Wafula alikuwa ameenda nyumbani kumzika shemeji yake. Nilibaki na drili, spana namba kumi na tatu, na karatasi ya maelekezo iliyosema hivi: taa nyekundu kushoto, taa ya kijani kulia. Nilisimama mbele ya meli, uso kwa uso nayo, kama mtu aliyefika mlangoni. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, nikapiga chaki, nikatoboa, nikafunga ile nyekundu. Kisha ya kijani upande wa pili. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaridhika.

Mnaosoma mmeshaona. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa meli. Mimi nilichukua miaka kumi na saba kuona. Karatasi iliingia kwenye faili, faili likaingia kabatini, na Mzee Wafula aliporudi alikagua nguvu za bolti, akasema zimekaza vizuri. Zilikuwa zimekaza kweli.

Uongozaji wa wageni ulinijia kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Nilinunua kitabu cha meli barabarani, kwa mwuzaji wa vitabu vikuukuu. Kilikuwa na nusu ya kwanza tu, inayohusu ujenzi. Nusu ya pili, inayohusu safari, ilikuwa imeng'olewa, labda na mtu aliyesafiri. Nilikisoma mara nne. Ningeweza kuwaambia jinsi chuma kinavyoelea, jinsi milango ya ndani inavyozuia maji, na kwa nini choo cha meli kinahitaji vali. Kuhusu taa, niliwafundisha wageni kile nilichokiona nikisimama penye usukani: nyekundu iko kulia, kijani iko kushoto. Nikawatungia njia ya kukumbuka. Mkono wa kulia unashika nyama, nyama ni nyekundu; wa kushoto unashika sukuma wiki, mboga ya kijani. Watoto wa shule waliiimba hadi kwenye basi. Simu yenye intaneti nilikuja kuwa nayo kama wengine, lakini mtu hatafuti jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Wageni wetu walikuwa watu wa maana. Mkulima mmoja kutoka upande wa Moiben alizunguka meli mara mbili mikono nyuma, kisha akaniuliza inabeba gunia ngapi. Nilimwambia haibebi mahindi, inabeba mizinga. Akafikiri. "Na hiyo mizinga mkishamaliza kupiga," akasema, "si mnarudi tupu?" Sikupata jibu kwenye kitabu. Mama mmoja wa Kimumu alitaka kuona jikoni, na nilipomwambia hatukuijenga alishuka bila kuangalia kitu kingine, akiwaambia wenzake kwamba hao wanaume watakufa njaa kabla ya vita.

Kila mwaka kabla ya maonyesho, kamati ya watu watatu ilikagua meli. Ukaguzi ulifanyiwa ndani ya hema kwa sababu ya jua, au, mwaka wa mvua, kwa sababu ya mvua. Fomu ilikuwa na mistari kumi na miwili na yote ilijazwa neno "nzuri". Wanamaji nao walipofika walipigwa picha kando ya mzinga, wakapelekwa kunywa chai. Baharia mmoja kijana aliwahi kuipanda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akacheka peke yake akashuka. Nilidhani anaucheka mzinga.

Uandikishaji ulikuwa na taabu zake. Kwanza zilikuwepo mbio za kuchuja, ambazo kwingineko humaliza nusu ya watu kabla ya saa tatu asubuhi. Eldoret hazikuchuja mtu. Walitumwa kukimbia wote, wakarudi wote, wengine wakiongea. Afisa mmoja aliongeza mizunguko mitatu, vijana walimshukuru. Meno yalihesabiwa, yakatosha. Kuogelea kulipimwa kwa swali, kwa kuwa hapakuwa na maji: "Unajua kuogelea?" Wote walijua. Mmoja alieleza kwamba hajajaribu, lakini anajua.

Basi mwaka wangu wa mwisho ukafika, na Jebet naye akafika.

Alitoka Kesses, ambako yeye na mama yake walilima viazi na kuwauzia wanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na tangazo lilisema aliyetimiza ishirini na saba asijisumbue. Alikuwa amejaribu mara mbili. Aliniambia hayo yote kwa utulivu siku ya kwanza ya maonyesho, akiwa na daftari la kurasa tisini na sita. Alikuja siku zote tatu. Alipima urefu wa meli kwa hatua, akachora mahali pa kila kitu, na alikuwa mtu wa kwanza katika miaka kumi na saba kuniuliza kwa nini meli ina taa za rangi mbili badala ya moja. Nilimwambia ni ili meli nyingine ijue hii inaelekea wapi. Kisha nikampa nyama na sukuma. Akaandika, akapiga mstari chini.

Siku ya nne ilikuwa ya uandikishaji, uwanja uleule. Mbio zikashindwa kuchuja mtu, kama kawaida. Safari hii afisa aliyesimamia, Luteni Mbwana, mtu wa pwani mwenye sauti ya chini, aliamua kuongeza swali moja la mdomo: taa nyekundu ya meli iko upande gani? Wa kwanza kuulizwa alitoka na swali mdomoni, na kabla ya dakika tano lilikuwa limefika mwisho wa foleni. Wenye simu walitafuta. Jebet hakuhitaji kutafuta. Alikuwa ameiona taa kwa macho yake. Kwa hiyo walioipanda meli yetu na kuisoma vizuri ndio walioanguka, na kati ya wote huyo alikuwa mmoja tu, Jebet.

Nilikuwa nafagia sitaha alipokuja. Namba aliyoandikiwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito ilikuwa imekatwa kwa mstari.

"Mzee," akasema, "nimeulizwa nyekundu iko wapi. Nikasema kulia. Afande amesema meli yenye taa hivyo itagongwa usiku wa kwanza."

"Umemwambia ulionyeshwa hapa?"

"Nimemwambia. Amesema nisisingizie meli ya serikali." Alifungua daftari, akanionyesha mchoro wake. "Niliona vibaya?"

Hakuona vibaya. Nilimwacha pale, nikaenda kabatini, nikatoa faili, nikaisoma ile karatasi nikiwa nimesimama mlangoni mwa stoo. Nyekundu kushoto. Nikatazama mlango. Nikakumbuka chaki mkononi mwangu, na mahali nilipokuwa nimesimama. Nikahesabu shule nilizozifundisha, nikaacha kuhesabu. Saa ilikuwa saba na nusu, na orodha ya makuruta ilikuwa inafungwa saa kumi.

Mkuu wetu wa maonyesho alikuwa Madam Sang, mwanamke mwenye akili ambaye hakupenda jambo lolote lianze siku ya maonyesho. Nilimpata hemani pamoja na kamati. Nilimweleza kwa ufupi: taa ziko kinyume, mimi ndiye niliyezifunga, na msichana wa watu ameangushwa kwa sababu hiyo.

"Ouma," akasema, "hiyo meli imekaguliwa."

Nilisema najua.

"Imekaguliwa mara kumi na saba. Ukisema iko na makosa, unasema sisi wote hatukuangalia."

Nilisema hilo pia najua. Hapo mjumbe mmoja wa kamati, ambaye hadi siku hiyo sikuwahi kumsikia akitoa wazo, alitoa wazo. Aliuliza ni nani ameamua kwamba mbele ya meli ni kule kwenye mzinga. Trela halina injini. Haliendi popote. Ikiandikwa kwamba mbele ni kule nyuma, taa nyekundu inakuwa kushoto bila kugusa bolti hata moja.

"Mzinga utakuwa unapiga nyuma," nilisema.

"Kuna meli zinapigana zikitoroka," akajibu.

Wenzake walilipenda. Madam Sang hakulipenda, lakini lilikuwa limefika likiwa limekamilika. Kwa miaka kumi na saba meli ilikuwa imeelekea Nakuru. Sasa karani akaamriwa aandike kwamba inaelekea Webuye, na kwamba imekuwa ikielekea Webuye tangu mwanzo. Waliniletea kalamu niweke sahihi kama mtunzaji.

Niliisoma karatasi mara mbili, kama ninavyosoma kila karatasi. Ilitutatulia mambo yetu yote. Mtu mmoja tu hakuwa ndani yake. Meli ikiwa sawa tangu mwanzo, basi Jebet amekosea, na mstari kwenye mkono wake unabaki. Ili yeye awe sahihi, lazima meli iwe na kosa, na kosa lazima liwe na mwenyewe.

Niliirudisha kalamu. Madam Sang aliniita kando.

"Wewe umebakisha miezi saba ustaafu," akasema polepole. "Ukiandika kitu tofauti na hiki, mimi sitaweza kukutetea. Watakutoa kwa meli."

Nilimwambia Jebet hakuwa na miezi saba. Alikuwa na saa mbili.

Luteni Mbwana nilimkuta anaagana na chai. Nilimwomba apande meli. Akasema kwa adabu kwamba ameshapigwa picha nayo. Nikamwomba tena, akapanda. Nilimsimamisha penye usukani, uso kuelekea mzinga, nikamwomba atazame mkono wake wa kulia. Alitazama. Akatazama kushoto. Hakucheka kama yule kijana.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa mazoea ya milango." Nikamweleza habari za Mzee Wafula na kanuni yake ya anayekuja na aliye ndani. Alisikiliza yote, mkono wake ukiwa juu ya usukani, ambao ni wa trekta.

"Baharini, Mzee," akasema, "sote tuko ndani. Hakuna anayesimama nje." Kisha akatoa peni mfukoni. "Waweza kuyaandika hayo uliyonambia, ukatia sahihi?"

Niliandika nusu ukurasa juu ya meza ya ramani. Niliandika tarehe, namba ya spana, mahali niliposimama, na kwamba yeyote aliyejifunza kwangu amejifunza kinyume. Nilitia sahihi. Ni barua fupi kuliko zote nilizoandika kazini, na ndiyo pekee iliyojibiwa siku hiyohiyo.

Jebet aliitwa. Alipanda, akasimama wima. Luteni alimwonyesha barua yangu, akamwambia jibu lake la asubuhi limefutwa, si sahihi wala si kosa, kwa kuwa alijibu kwa meli iliyokosewa. Lakini hawezi kumpitisha kwa huruma. Atamuuliza swali jingine.

"Uko hapa usukanini, usiku. Mbele yako yaja meli, taa zake zimefungwa sawasawa, nawe waziona zote mbili. Ile nyekundu iko upande gani?"

Nilikuwa karibu naye na nilijua siwezi kumsaidia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kugeuza mwili wangu ili nipate jibu. Chini ya meli wenye simu walikuwa wameshazitoa. Saa kumi ilikuwa imebakisha dakika chache, na karani wa orodha alikuwa amesimama na faili kifuani.

Jebet alitazama mbele, juu ya mzinga, kana kwamba meli ile inakuja kweli kutoka upande wa barabara ya Nakuru.

"Upande wake ama upande wangu, afande?"

Luteni aligeuka akanitazama mimi, si yeye.

"Mzee Ouma, miaka kumi na saba, kuna aliyepata kuliuliza hilo?"

Nilisema hakuna. Hata mimi.

"Upande wake ni kushoto," Jebet akaendelea. "Upande wangu itakuwa kulia. Nikiona zote mbili, basi inanijia moja kwa moja, na mmoja wetu lazima ageuze."

Luteni alichukua kalamu ya wino mzito, akamshika mkono, akaandika namba yake upya juu ya ile iliyokatwa. Karani akafungua faili. Jebet alisema asante afande, kisha asante Mzee, akashuka ngazi kwa uangalifu, akaanza kukimbia alipofika majanini. Mbio zake, lazima niseme, zilikuwa za kawaida kwa mji huu.

Mimi nilienda kuchukua spana. Taa mbili, bolti nne. Nilimaliza kabla chai ya saa kumi haijapoa. Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo ya viti vya plastiki, ambako nilitumikia miezi yangu saba. Viti vile niliviacha vyote vikiangalia upande mmoja.

Sasa jambo la mwisho, na mlishike, kwa sababu hamtalipata kabatini kwa urahisi. Azimio la kamati lilipitishwa jioni ileile, baada ya taa kubadilishwa. Halijafutwa. Kwa hiyo kwa karatasi meli yenu inaelekea Webuye na taa zake ziko kinyume, na mkaguzi akija atakuta kosa ambalo halipo. Atawaambia mzibadilishe. Msizibadilishe. Mpandisheni mpaka penye usukani, msimamisheni akiangalia mzinga, na mumpe muda wa kutazama mikono yake yote miwili.